Madirisha ya Mzee Maganga

Mzee Maganga alilinda ghala la pamba miaka ishirini na sita, na kazi hiyo ikamwingia mpaka kwenye mifupa. Alipostaafu alijenga nyumba ya vyumba vitano pale Bariadi: vinne vya kupangisha, kimoja chake na mkewe Minza. Alijenga kama alivyojua, kuta nene, milango ya chuma, na badala ya madirisha, matundu mawili ya ukubwa wa ngumi karibu na paa kila chumba. Mwizi apite wapi? Majirani wakaiita nyumba ile Godauni. Hakukasirika, alidhani wanamsifu.

Minza ndiye aliyelalamika. "Baba Ndaki, nitobolee dirisha hata dogo, nione nani anapita."

Maganga alikuwa na jibu lake moja: "Pamba haijawahi kuomba dirisha."

Watu walicheka, na miaka ile ya mwanzo hata Minza alicheka. Alipopooza miguu hakucheka tena. Alilala chumbani miezi saba, akimuuliza kila aingiaye kama mvua imenyesha, kama pamba ya jirani imechanua. Alifariki mwaka juzi, wakati wa mavuno.

Mwaka huu ukaja utaratibu wa kusajili nyumba za kupanga. Bila cheti hakuna kupangisha, na Maganga hana ng'ombe wala shamba. Anakula kwa vyumba vile vinne. Akajaza fomu, akaambatanisha barua ya mwenyekiti wa mtaa. Afisa afya, binti aitwaye Benedikta, akaja na futi kamba.

"Mwangaluka, baba," akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu. Pima tu, kuta zangu hazina ufa."

Benedikta aliingia chumba cha kwanza, akatoka anajifuta jasho. "Kuta sina neno nazo. Humu mtu anapumua nini?"

"Wapangaji wangu hawajawahi kulalamika."

"Mpangaji halalamiki, baba, anahama. Kila chumba cha kupangisha kiwe na dirisha la kufunguka. Nitarudi baada ya siku thelathini."

Maganga alinuna siku mbili. Ya tatu akamwita fundi Mayige, maana asiyekubali kushindwa si mshindani. Mayige akashinda na nyundo na tindo wiki nzima. Dirisha la kwanza lilipofunguliwa, jua liliingia likafika hadi kitandani, na mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo akamsalimia mpangaji aliyekuwa ndani. Maganga alikuwa amesimama mlangoni. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima, isiyo na pa kujificha.

Chumba cha nne kilipokwisha, Mayige akaanza kukusanya vifaa. "Tumemaliza, mzee."

"Bado kimoja."

"Hicho si chako? Fomu haikukitaja."

Maganga alimtangulia hadi chumbani kwake, akaweka kiganja ukutani, upande wa kitanda aliolala Minza.

"Hapa," akasema. "Shusha chini kidogo, hata aliyelala aone nani anapita."