Bushra wa Mashimo na Banda la Mwani

Ukifika Msambweni ukaulizia nyumba ya Bushra binti Jaafar, utaulizwa kwanza, "Yupi, wa Mashimo?" Usishangae. Ndilo jina walilompa, na alipolisikia mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Maana kazi yake ni mashimo kweli, ila si ya kuchimbwa kwa jembe. Ni mashimo meusi ya angani, nyota zilizojiangukia zikawa nzito hata mwanga ukiingia hautoki.

Kuyaona hajayaona, wala darubini hana. Ana ubao mmoja uliopigiliwa misumari kwenye ukuta wa baraza ya mama yake, na kisanduku cha chaki. Hesabu zake ni za supagraviti, nadharia inayosema kwamba kila chembe ya ulimwengu ina mwenzake wa kuandamana naye. Mama yake, Bi Waridi, alielezwa hayo siku moja akipepeta mchele, akaweka ungo chini. "Yaani huko juu kila mmoja ana wake," alisema, "na wewe una miaka thelathini na sita, kazi yako kuwahesabia tu." Bushra alirudi kwenye chaki yake.

Ubao wenyewe wanagawana. Katikati ya milinganyo utakuta "nazi tatu, bizari, sabuni ya kipande," na ole wako ufute. Bushra amesoma Kwale, akasoma Nairobi, akakaa Italia miaka sita, akarudi na shahada ya udaktari isiyotibu hata mafua. Watu walidhani atabaki Nairobi kwenye maghorofa. Akachukua kazi ya kufundisha chuo kimoja Mombasa siku tatu kwa juma, na siku zilizobaki yuko barazani na chaki yake, kanga kiunoni, vidole vyeupe.

Anachotafuta ni hiki. Shimo jeusi kwa nje halisemi mengi: utajua uzito wake, mzunguko wake na umeme wake, basi. Ya ndani yamesitirika. Bushra huutazama ukingo tu, kisha anahesabu ni kwa namna ngapi mambo ya ndani yangeweza kupangwa. Ana miaka saba na hesabu hiyo, na mtu akimwonea huruma anamshangaa, kwa sababu yeye anaipenda.

Mambo ya kura na kodi yalimjia kwa mlango wa nyuma. Kule chuoni yuko mchumi mmoja kutoka Machakos, Mwalimu Justus, mtu wa kucheka kwa sauti. Siku moja wakinywa chai, Justus alimlalamikia hesabu za kodi zilizomshinda, naye Bushra akazitatua kwenye karatasi iliyofungiwa mahamri. "Daktari, hii kitu imekubali!" alisema Justus, akaichukua karatasi na mafuta yake. Tangu hapo wameandika makala tatu. Moja inaeleza kwa nini watu wakipigia kura kiwango cha kodi, anayeamua si tajiri wala maskini bali yule wa katikati. Ya mwisho, ambayo Bushra alijivunia sana, inaonyesha jinsi mpiga kura anavyoweza kudanganya kuhusu anachokipenda ili apate anachokitaka.

Basi habari hizo zilimfikia Twaiba, binamu yake, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakulima wa mwani huko kusini, njia ya kwendea Shimoni. Akaja na malalamiko yake. Wamepata mfadhili wa kuwajengea banda moja lenye chanja za kukaushia mwani. Moja tu. Na wanachama thelathini na watatu wanatoka mitaa mitatu: Jiweni, Mkwajuni na Bomani. Mfadhili anataka jibu kabla ya Ijumaa.

"Nimeitisha mikutano mitatu," alisema Twaiba. "Kila nikiuliza banda liwe wapi, naambiwa popote tu, sisi sote kitu kimoja. Tunakunywa chai, tunaomba dua, tunakwenda zetu. Wewe si ndiye unayeandika mambo ya kura?"

Bushra alifurahi kama mtu aliyeombwa aimbe. Akatengeneza karatasi zenye picha tatu, jiwe, mkwaju na ukuta wa boma, ili hata asiyejua kusoma asikwame. Kila mtu apange mwenyewe kwa siri: ya kwanza alama mbili, ya pili alama moja, ya mwisho sifuri. Jumatatu wakapiga kura chini ya turubai. Akahesabu, akahesabu tena. Bomani imeshinda.

Bomani! Wanawake wa kule ni sita tu, mtaa wenyewe uko juu barabarani, na kutoka ufukweni ni kupanda kilima nusu saa nzima na gunia la mwani mbichi linalochuruzika maji mgongoni. Lakini hakuna aliyenung'unika. Walipiga makofi, wakawapongeza wa Bomani, na aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Bi Kanze wa Jiweni. Bushra alirudi nyumbani akijiona hodari.

Jumatano maji yalipokupwa alishuka Jiweni kuwasalimu. Akamkuta Bi Kanze ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akizikunja kamba zake za kupandia mwani. Bi Kanze ana miaka sitini na mitatu, na ni miongoni mwa wanne walioanza kilimo hicho pale, wakati watu wakiwacheka kwamba wanapanda majani baharini. Goti lake la kulia liliumia miaka miwili iliyopita alipoteleza mwambani. Kando yake alisimama Mwinga, msichana wa Mkwajuni aliyejiunga mwaka huu, mtoto mgongoni, amepokea kamba tatu mikononi wala hajui azishike vipi.

"Shikamoo Bi Kanze."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Hizi kamba mbona unazitoa?"

"Nampa Mwinga. Mimi goti limegoma. Mpaka hapa ufukweni nafika, lakini kilima cha Bomani sikiwezi. Nitakaa nyumbani nisuke ukili wa mikeka." Alilisema kwa uchangamfu, lakini kamba ya mwisho aliipapasa kwanza, fundo kwa fundo, ndipo akaitoa.

Bushra akachuchumaa kando ya ndoo. "Bi Kanze, nisamehe kwa kuuliza siri yako. Jiweni uliipanga ya ngapi?"

"Ya mwisho."

"Ya mwisho! Na banda likijengwa hapa ungetembea hatua ishirini tu?"

Bi Kanze alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini anavua viatu mlangoni. "Mimi naishi Jiweni, mwanangu. Ningeanzaje kujitanguliza?"

Bushra aliaga, akarudi nyumbani kwa haraka. Akazimwaga karatasi zote mezani. Jiweni kuna wanawake kumi na watano. Jiweni imewekwa ya mwisho mara kumi na tano. Mkwajuni ni kumi na wawili. Ya mwisho mara kumi na mbili. Bomani sita, mara sita. Kila mmoja, bila kuambiana, alikuwa ametanguliza mtaa wa mwenzake akauweka wake nyuma. Bomani ilishinda kwa sababu ndiyo yenye watu wachache wa kuikataa kwa adabu.

Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Yeye, ambaye kazi yake ni kuhesabu ya ndani kwa kutazama nje, alikuwa amehesabu karatasi akadhani amehesabu nyoyo. Akampigia simu Justus.

"Makala yetu inasema mtu husema uongo ili apate," alimwambia. "Hawa wamesema uongo ili wakose."

Kicheko cha Justus kikajaa simu. "Daktari, kwetu Machakos hiyo haiwezekani! Sasa warudie, waambie waandike wanachotaka."

Twaiba aliposikia hivyo alitikisa kichwa. "Ukiwaambia waseme wanachotaka, watasema wanataka amani. Huwajui? Hata mchango wa kikundi tuliwasamehe wazee, na Bi Kanze kila mwezi analipa, anasema yeye si wa kusamehewa." Akafikiri tena. "Halafu tukirudia tutawavunjia heshima wa Bomani."

Bushra alisimama mbele ya ubao mchana wote, hakuandika kitu. Adabu ile hawezi kuiondoa, na ukimuuliza vizuri, hataki iondoke, ndiyo iliyomlea. Alasiri mama yake alikuja kuongeza "ndimu" ubaoni, akamsikiliza, akasema, "Mimi ukiniuliza nina njaa nitasema nimeshiba. Niulize jirani yangu kala au hajala, nitakwambia kweli." Kisha akaingia jikoni. Bushra akamfuata huko huko akambusu shavu lenye unga.

Alhamisi asubuhi wakakusanyika tena. Wa Bomani, walipoambiwa kura inarudiwa, walishusha pumzi. "Alhamdulillahi," alisema mmoja wao. "Sisi wenyewe tulikuwa tunaona haya kukataa." Bushra akagawa karatasi, akawaeleza kwamba leo hawaulizwi wanachokitaka. "Mfikirie mwenzako mmoja humu anayepata taabu kuliko wote kubeba mwani. Usijifikirie wewe. Banda likiwa wapi, yeye atapumzika? Tia alama hapo tu."

Zamu hii hakuna aliyesitasita. Penseli zilikwenda haraka. Twaiba akazifungua karatasi mbele ya wote, moja moja, akitaja: Jiweni, Jiweni, Jiweni. Zilipofika kumi, watu walianza kugeuka kumtazama Bi Kanze. Zilipofika ishirini, yeye mwenyewe alikuwa amejifunika uso kwa leso. Jiweni thelathini na mbili, Mkwajuni moja.

Hiyo moja haikuhitaji hesabu kubwa. Yuko mtu mmoja tu humo ambaye hakuruhusiwa kumfikiria Bi Kanze, naye alikuwa amemfikiria msichana wa Mkwajuni mwenye mtoto mgongoni. Bushra aliijua, Twaiba aliijua, na kila mtu chini ya turubai lile aliijua, lakini hakuna aliyesema.

Bi Kanze aliteremsha leso, akajipangusa macho. Midomo ilimcheza, kama anayejaribu neno ambalo hajapata kulitamka.

"Mwinga mwanangu," alisema mwishowe, "nirudishie kamba zangu. Nilikupa nne. Nazitaka zote nne."