Ugali wa Kukatwa kwa Uzi

Harufu ya ukoko ikinifikia, naukumbuka mlango wa jirani yetu kule Guangzhou, China. Baba alikuwa masomoni, na mama alikuwa hakai chini. Alikuwa akienda dirishani, akirudi kwenye sanduku, akilifungasha na kulifungua tena.

Jirani alikuwa Mtaliano. Siku hiyo alitualika kwa sababu mama yake alikuwa amemtumia unga wa mahindi mapya kutoka shamba lao Italia, ambako msimu wa ukungu ukianza watu husonga unga huo kila siku. Alisonga karibu saa nzima, akaupindua juu ya ubao, wa njano, ukifuka moshi. Kisha akanyoosha uzi mweupe, akakata nao vipande.

"Polenta," alisema.

"Huo ni ugali," mama alimjibu kwa Kiswahili. "Ugali haukatwi kwa uzi, dada."

Jirani akatabasamu tu, akampa uma. Mama akauweka pembeni, akanawa, akavuta kiti, akamega kwa mkono. Tangu tufike, ndiyo mara ya kwanza kumwona ameketi.

"Na wewe kaa ule," akaniambia.

Leo ugali wangu umeiva. Viti vipo vinne, vyote vitupu. Nakula nimesimama, dirishani.