Kidole Kiliposimama kwa Fundi Viatu

Ofisi yetu iko juu ya duka la wachapishaji, River Road, na mchana mashine za chini zikipamba moto sakafu yote hutetemeka kidogo, taratibu, mpaka unasinzia macho yakiwa wazi. Saa hizo ndizo mimi huwaona wale watu. Si kuwaona kwa kweli, maana ni mistari tu kwenye skrini: jina, mtaa, umri. Lakini ukikaa na mistari muda mrefu inaanza kupumua, nami huiacha ipumue.

Kazi yangu ni kutunza hifadhidata ya kliniki moja ya macho upande wa Ngong Road. Humo ndani mnaishi programu ndogo niliyoirithi kutoka kwa mtu aliyeacha kazi kabla yangu. Inafungua orodha ya wanaongoja kupasuliwa mtoto wa jicho, inaweka kidole kwa wa kwanza, inamtafutia simu ya jamaa wake, inamtumia huyo jamaa meseji, kisha kidole kinashuka kwa anayefuata. Meseji huenda kwa jamaa kwa sababu mgonjwa mwenyewe hawezi kuisoma. Kidole kikishuka na kukuta hakuna mtu tena, programu inafunga orodha na kutulia. Wenzangu wanakiita kwa jina la Kizungu, lakini kwangu ni kidole, na nikikifikiria naona kidole cha mama kikishuka kwenye ukurasa wa Biblia.

Mama mwenyewe alikuwa kwenye orodha ile. Tunaishi pamoja mtaa wa Kabiria. Jicho lake moja lilikuwa limezima kabisa, na la pili lilibakisha mwanga wa dirishani na kivuli cha mtu akipita. Alinijua kwa viatu vyangu kwenye ngazi. Madaktari wageni walikuwa wamefika kliniki kupasua watu, na wangeondoka Ijumaa jioni. Wakishaondoka, ni kungoja mpaka mvua ndefu ipite, na daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba jicho lile lililobaki huenda lisingoje.

Mimi ndiye jamaa aliyeandikishwa kwa mama, na simu yangu ikanyamaza siku baada ya siku. Ningeweza kufungua mstari wake nikaangalia, lakini niliogopa kuonekana namrukisha mama yangu foleni. Jumatano uvumilivu ukaniisha. Muuguzi wa kliniki alipiga simu akiuliza mbona wagonjwa wamekauka, madaktari wanakaa bure tu wakinywa chai. Wanakunywa chai!

Nikaifungua ile programu, nikakifuata kidole mstari kwa mstari. Kilishuka vizuri, kikasimama kwa mzee mmoja, na hapo orodha ikafungwa. Baada yake kulikuwa na watu wengi tu, na mama miongoni mwao. Yule mzee hakuwa ameandikisha jamaa. Programu ilienda kumtafutia simu ya mtu wake, ikarudi mikono mitupu, na kidole kikadhani kimefika mwisho wa orodha. Hakuna kengele iliyolia. Kila asubuhi kilishuka mpaka kwake, kikaona utupu, kikafunga, na waliokuwa nyuma yake wakaendelea kungoja majumbani mwao.

"Si umruke tu," mwenzangu wa meza ya pili akasema bila hata kugeuka. "Kama hana simu, ipite, iende kwa next. Mistari miwili, umemaliza."

Ilikuwa kweli mistari miwili. Nikaiandika, nikaijaribu bila kutuma kitu. Kidole kikafika kwa mzee, kikamruka, kikashuka kwa wengine polepole, na nafasi ya mwisho kabisa ya Ijumaa ikaangukia jina la mama. Nilibaki nikilitazama jina lile, mashine za chini zikitikisa kikombe changu cha chai. Meseji zingetoka kesho yake asubuhi, nikiiamuru mwenyewe. Nilitembea hadi steji ya matatu nikiwa sijui kama miguu inakanyaga chini.

Nyumbani kwetu sala huja kabla ya ugali. Ndivyo walivyofanya kwao, magharibi ya nchi, na ndivyo mama anavyofanya Kabiria. Anatuombea watoto wake mmoja mmoja, kwa kufuata kuzaliwa, hata wale walio mbali. Anamshika kifungua mimba, anaeleza habari zake zote kana kwamba Mungu hakuwa na habari, kisha anashuka kwa wa pili. Akifika kwa wa tatu hunyamaza. Kaka yetu huyo alitutoka akiwa mdogo. Mama hukaa naye kidogo hapo, nasi hatusogei, kisha husema, "Na huyu uko naye. Msalimie." Ndipo anashuka kwa wa nne, ambaye ni mimi.

Jioni ile sikuweza kungoja. Amina ilipotoka tu nikamwambia, "Mama, Ijumaa unaenda! Umepata nafasi!"

"Woi, Mungu ni mwema!" Akapiga makofi, akanitafuta uso kwa mikono yake. "Na mbona walichelewa hivyo, mami?"

Ningemwambia ni kompyuta, yakaisha. Lakini nilikuwa na furaha, na furaha hunifanya niropokwe. Nikamweleza habari ya kidole, na mzee asiye na mtu, na jinsi tulivyomruka.

Mikono yake ikatoka usoni mwangu. "Mnamruka aende wapi?"

"Mama, hana simu. Hana mtu wa kuambiwa."

"Yeye si ako mbele yangu?"

"Ako mbele, lakini..."

"Basi hiyo nafasi ni yake. Mimi siendi kukaa kwa kiti ya mtu." Akaanza kupapasa sufuria ya mboga. "Ukienda huko kwenu, mwite."

Nikakasirika, sitaficha. Nilimwambia kwamba mzee huyo akiitwa, nafasi zinaishia kwa mtu aliye mbele yake yeye mama, kwamba ni yeye atakayebaki. Nikamwambia habari ya jicho, yote, hata ile niliyokuwa nimemficha. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa. "Nimesikia," akasema. "Leta sahani." Ugali wa siku ile niliula bila kujua ladha yake.

Alhamisi asubuhi sikuenda River Road moja kwa moja. Mstari wa mzee ulikuwa na maelekezo, kama tunavyoelekezana hapa mjini: kibanda cha fundi viatu, karibu na geti la uwanja wa maonyesho, Jamhuri. Ukungu ulikuwa bado haujapanda, na miti ya kando ya barabara ilitokea mmoja mmoja, ikanipita, ikapotea. Nilitembea nikitumaini, Mungu anisamehe, kwamba sitakuta mtu.

Nilimkuta. Alikuwa amekaa kwenye kibao, kiatu cha mwanamke mapajani, akitafuta tundu la uzi kwa ncha ya kidole gumba. Alikuwa akishona kwa kupapasa.

"Shikamoo, mzee. Natoka kwa hospitali ya macho."

"Marahaba." Akageuza uso, lakini akaulekeza kando yangu kidogo. "Mmekuja? Mimi nilisema watakuja tu. Kila asubuhi navaa shati safi."

Kola yake ilikuwa nyeupe, imepigwa pasi. Nikamuuliza mbona hakuandika jamaa, akacheka kidogo, akasema waliouliza walikuwa na haraka na yeye hakuwa na wa kutaja.

"Basi unakubali niandikwe mimi?" nikamuuliza. "Niwe mtu wako?"

Akafikiri, akipitisha mkono kwenye soli. "Wewe ni wa nani?"

"Wa mama mmoja wa Kabiria."

"Sawa. Andika."

Nikawapigia kliniki pale pale, wakaijaza nambari yangu. Nilipofika ofisini niliiamuru programu ifanye kazi. Iliingia kwenye orodha, ikashuka, na simu yangu ikatetemeka mezani. Mgonjwa wako anatakiwa kesho asubuhi. Alikuwa ni yule mzee. Niliendelea kuitazama simu mpaka mashine za chini ziliponyamaza kwa chakula cha mchana, na meseji ya pili haikuja. Foleni ilikuwa imekatika hatua moja kabla ya mama. Nilienda kwenye ngazi za nyuma nikalia kama mtoto.

Ijumaa nilimpeleka mzee kwa mkono. Jumamosi wakamfungua bandeji. Alitazama mikono yake kwanza, mbele na nyuma, muda mrefu, kisha akatazama viatu vyangu. "Hiki cha kulia kimeachana na soli," akasema. "Ulete."

Jioni hiyo mama alitaka kuambiwa kila kitu, nikamwambia, hadi habari ya soli, akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akakunja mikono, akaanza. Akamshika kifungua mimba, akamshika wa pili, akafika kwa wa tatu, akanyamaza naye. "Na huyu uko naye. Msalimie." Akanipitia mimi na kazi yangu, akawapitia wadogo zangu hadi kitinda mimba. Halafu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akashuka hatua moja zaidi. "Na yule fundi, umemfungua macho. Asante." Akavuta pumzi ya kufunga sala.

Miaka yote hiyo nimeisikia sala ile, na sikuwahi kuona kwamba kidole chake hakijawahi kumwelekea yeye mwenyewe.

"Bado mmoja," nikasema.

Akageuza uso kuitafuta sauti yangu. "Nani tena?"

Nikamshika mkono. Nilitaka kumwombea kama anavyotuombea, nieleze habari zake zote, jicho na mvua ndefu na madaktari walioondoka. Nikalitaja jina lake, nikaishia hapo. Tukakaa hivyo, mwanga wa dirisha ukipungua, naye akaningoja, hakuniruka.