Kola Iliyolowa

Saa nne asubuhi haijafika na mpimaji wa ultrasaundi tayari kola yake imelowa chapachapa. Gaudensia, aliyetoka Kiriba kuja mjini Musoma binti yake apimwe mafindofindo kabla ya upasuaji, ameiona kola ile na moyo umemsita: mtu asiyejitunza atampimia mwanawe sawasawa kweli? Mikono ya mpimaji ndiyo inamtuliza kidogo. Chupa ya jeli haiachi mezani, anaibana kwapani ipate joto, na sauti yake ni ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala.

Dorah, ambaye usiku hukoroma mpaka pumzi inakata, amejibanza nyuma ya kanga ya mama yake.

"Anaogopaga sindano, dokta."

"Hapa hakuna sindano, mama. Njoo unipime mimi kwanza, mwanangu."

Anajipaka jeli shingoni, anainama na kumkabidhi kifaa. Dorah anakipitisha chini ya taya la mpimaji, na kwenye kioo cha mashine kinatokea kivuli kidogo.

"Findo langu hilo, kama harage. Haya, tuone la kwako."

Dorah anapanda kitandani mwenyewe. Mpimaji anapima kulia, anapima kushoto, kisha anarudia yote, maana daktari wa upasuaji atategemea namba hizo.

"Huyu ni mtoto wa sita kunipima tangu asubuhi," anasema akiandika.

Gaudensia anaitazama tena ile kola, safari hii kwa aibu. Dorah anapewa karatasi laini ajifute shingo. Anamfuta mpimaji kwanza.