Mpopla wa Dobi na Chokaa Yake

Kila anayepita anataka asimuliwe habari za mpopla wa dobi, kana kwamba kwao hakuna miti. Haya, kaeni, lakini msikatize.

Dobi huyo ni mjane mwenye kichwa kigumu, na kamba zake zote za kuanikia zimefungwa kwenye shina la mpopla, zikienda mpaka ukutani. Mti ukiondoka, kazi imeondoka. Basi mashuka meupe ya wateja yakaanza kupata madoa ya rangi ya chungwa, na shemeji yake, seremala, akaja na msumeno.

"Mti wako mgonjwa, shemeji. Tazama majani yanavyotetemeka, na upepo wenyewe haupo."

"Mpopla ndivyo ulivyo. Vikonyo vyake ni bapa, pumzi kidogo tu majani yanacheza. Kama kutetemeka ni ugonjwa, wewe tungeshakuzika, maana mkeo akikuita tu, magoti yanagongana."

Akageuza jani. Upande wa chini palikuwa na vipele vya unga wa chungwa, akamfutia shemeji yake kwenye shati. "Hii ni kutu ya majani. Mti mkubwa hauuawi na hii. Nitafagia yaliyoanguka niyachome, na nguo nitaanika upande wa ukutani mpaka yaote mapya."

"Na shina je? Kila mwaka unalipaka chokaa kama bibi harusi. Chini yake unajua kuna nini?"

Chokaa ilikuwa fahari ya dobi. Akachukua brashi ya kusugulia kola, akapiga magoti, akasugua mpaka gome likaonekana. Matundu. Na unga wa mbao ukimwagika kama pumba.

"Gonga," akasema, bila kumtazama.

Seremala akagonga kwa nyundo, sikio kwenye gome, akazunguka shina lote. Penye matundu palilia utupu kidogo. Kwingine kote mti ulijibu vizuri.

"Ni upande mmoja tu. Moyo wake mzima."

Dobi akachomoa waya uliofungia kamba, akautia tunduni, akauzungusha, akatoa funza mnene mweupe.

"Mpangaji wako huyo," seremala akacheka. "Umempakia rangi nyumba miaka yote."

"Leo anahama, na wenzake. Msumeno rudi nao. Nyundo iache, nitakuwa nagonga mwenyewe."

Shina hilo leo liko wazi, halina urembo, na kamba zimejaa mashuka.

Sasa wewe uliyesikiliza bure, nenda kasugue chokaa kwenye mti wako. Kisha rudi useme umekuta nini, na jani ulilete mkononi.