Seli Zilizokataa Kugawanyika

Katika maabara niliyofanyia utafiti wa uzamili, karibu na katikati ya jiji, palikuwa na desturi moja: aliyehitaji damu ya mtu mwenye afya alitoa yake mwenyewe. Fundi wa maabara, mama wa makamo kutoka magharibi ya nchi, alikuchoma sindano, akakupa soda na mkate, kisha akakukabidhi mirija ya damu yako ikiwa bado na vuguvugu. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa na miaka ishirini na saba. Maneno "mwenye afya" niliyatamka upesi kuliko nilivyoyaamini.

Nilichunguza seli za T, ambazo huongoza vita vya kinga ya mwili. Ukikigusa kipokezi chao kikuu, kile kinachomtambua adui, hutarajiwa kunenepa, kushikamana kwa vishada na kuanza kugawanyika. Zangu hazikufanya lolote. Siku ya tatu niliinamia hadubini nikaona chembe ndogo zilizotawanyika, kila moja kivyake. Nikarudia jaribio. Hali ikawa ile ile.

Sikushuku mikono yangu hata kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimesifiwa kwa usafi wa kazi. Nilimfikiria kaka yangu, tuliyemzika kwa ugonjwa ambao sisi wa nyumbani, kule mtaani Riruta, tuliuita homa ya mapafu na hatukuutaja tena. Nilimfikiria pia mwanamke niliyeachana naye kabla hatujapimwa. Nilijua virusi vya ugonjwa ule hushambulia seli hizi hizi za T. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimekwisha kujihukumu.

"Wewe daktari wa kesho," fundi aliniambia asubuhi moja, "mbona siku hizi unaacha mkate?"

Nikamweleza yote, hata habari za yule mwanamke. Hakushtuka.

"Hizo seli ulisafisha aje?"

"Mpaka zikabaki za T peke yake, mama. Nilirudia mara nne."

"Na zile zingine?"

"Nilimwaga. Si ni takataka?"

"Takataka!" Alicheka hadi akashika meza. "Umefukuza majirani wote, halafu unalia ati hakuna mtu anakuja ukipiga nduru. Nyinyi watu wa digrii mtaniua."

Aliketi, akanieleza jambo nililokuwa nimelisoma na kulijibu kwenye mtihani. Seli ya T haiamini ishara moja. Hata ikishamtambua adui, hungoja seli jirani iguse kipokezi chake cha pili, kana kwamba inathibitisha kwamba hatari ni ya kweli. Ikipata ishara ya kwanza pekee hufa ganzi, na ganzi hiyo ndiyo huuzuia mwili usijishambulie wenyewe. Majirani wa kutoa ishara ya pili nilikuwa nimewamwaga kwenye sinki, tena kwa majivuno.

Alinitoa damu upya, maana seli zilizokwisha kufa ganzi hazikufaa tena. Safari hii, badala ya majirani, niliongeza kingamwili ya kukigusa kipokezi cha pili. Siku ya tatu vishada vilijaa chini ya hadubini, vinene, vimebanana. Nilimwita kwa sauti isiyofaa maabara.

Aliangalia kwa muda, akainua kichwa. "Hizi zimejibu. Lakini hizi sizo zilikuwa zinakunyima chakula."

Alikuwa amesema kweli. Seli kugawanyika hakukuwa jibu la swali langu. Akavua koti jeupe, akafunga mlango, tukaenda pamoja hadi kituo cha upimaji kilichokuwa orofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Alikaa kwenye benchi la nje akisoma gazeti. Ndani, mshauri alinichoma kidole, akaniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote, nami nikayajibu bila kuficha. Kisha akakigeuza kile kipande cha kupimia ili nijionee: mstari mmoja tu, sina virusi.

Nilipotoka, fundi alinitazama usoni, akakunja gazeti. "Haya. Twende ule."

Tulikula chapati na maharagwe tukiwa tumesimama kwenye kibanda. Baada ya kuagana naye nilikwenda nyumbani kwa miguu, mwendo wa zaidi ya saa mbili, kwa kuwa sikuweza kutulia kwenye kiti. Nilimkuta mama yangu akianua nguo. Nikamwambia nimepimwa na niko salama, kisha, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile, nikautaja kwa jina lake ugonjwa uliomwua kaka. Aliketi kwenye ngazi na shuka mapajani. "Nilijua," akasema. "Nilikuwa naogopa kukuuliza kama na wewe unao."