Soda ya Afisa wa Maji

Iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyovaa joho la shahada. Ni siku niliyosimama kwenye mkutano wa kijiji nikapigiwa makofi, na kwa makofi hayo nikamkosesha mama yangu maji.

Mwanangu, najua utacheka. Shangazi ana miaka thelathini na sita, mvi zenyewe mbili, naye anatoa nasaha! Cheka tu. Lakini ujumbe wako kutoka Dunda nimeusoma mara tatu. Unasema kesho kuna mkutano wa mtaa, nawe utasimama umseme Hamisi, uliyesoma naye, kwa kuwa yeye kapewa kizimba katika soko jipya na wewe, pamoja na digrii yako, unatembeza soksi juani. Ndiyo maana nakuandikia leo, kabla hujasimama.

Nilipomaliza chuo nilirudi kwetu, mbele kidogo ya Mkange, bila kazi. Mambo yalikuwa kama unavyoyaona sasa. Zahanati ilipakwa rangi mpya, lakini ukienda na homa unaandikiwa dawa ukanunue kwingine. Mananasi yalioza kando ya barabara kwa kuwa malori yalishindwa kupita. Nilikuwa na maswali mengi, nikajiona mimi ndiye wa kuyauliza.

Ikaja habari ya maji ya bomba. Yakachimbiwa kitongoji cha juu, yakafika mlangoni kwa Mwantumu, yakaishia hapo. Mwantumu tuliingia naye unyago siku moja. Alifeli kidato cha nne akaolewa. Mimi ndiye niliyesifiwa. Sasa yeye anafungua koki kwa vidole viwili, na mimi msomi nateremka bondeni na ndoo, nyuma yangu mama na nyonga yake mbovu, kabeba dumu. Nikwambie kweli, mwanangu: mlio wa maji yale yakijaa kwenye beseni lake ulinichoma. Akifua, nilisema anafua makusudi nimsikie. Salamu yake niliiitikia nusu.

Mabomba ya kitongoji chetu yalikuwepo. Yalilazwa kando ya ukuta wa ofisi ya kijiji tangu Ramadhani, yakisubiri kuchimbiwa. Afisa wa maji alipokuja, wazee walinichagua mimi nimuulize sababu. Nikaandika maswali kwenye karatasi. Hata soda yake nilimpelekea mwenyewe, kwa mikono miwili, maana mgeni ni mgeni.

Nilianza vizuri. "Mheshimiwa, mabomba haya yanalala hapa kwa nini?" Afisa akajikuna shingo. Nikaona kabanwa. Hapohapo macho yangu yakamwangukia Mwantumu, mstari wa mbele, kanga mpya, katulia. Karatasi ikawa kama haimo mkononi.

"Kabla hujajibu," nikasema, "tumuulize kwanza huyu aliyefikishiwa maji mpaka jikoni, kapitia mlango gani!"

"Wa uani!" mtu akadakia nyuma. Watu wakaangua kicheko, wakapiga makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikaendelea, nikamtaja mumewe, nikamtaja na mama yake. Mumewe akasimama, shemeji zake wakasimama, na wa kwetu nao wakasimama. Viti vikaanza kuruka.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Afisa alimaliza soda yake taratibu, akatabasamu, akasema mradi hauendi penye mgogoro. "Mkishapatana mtaniita." Wiki ileile lori likaja likayabeba mabomba yetu. Mpaka leo hatujui yalipelekwa wapi.

Asubuhi iliyofuata kuondoka kwa lori akaja Bi Chausiku, mtani wa ukoo wetu. Unajua mtani kwetu: msibani anaruhusiwa kumtania hata maiti, na hakuna wa kukasirika. Alijifunga kanga kiunoni, akakaa kitako uani kwetu, akaikumbatia ndoo tupu, akaanza kulia kama kwenye matanga.

"Uwii, maiti wetu! Bomba limekufa halijazaliwa! Nani kaua? Kaua msomi!"

Majirani wakajaa, wanacheka. Mama naye alicheka, kisha akafuta macho, na hayo hayakuwa machozi ya kicheko.

"Bibi," nikasema, "lakini Mwantumu kapendelewa!"

Akaiweka ndoo chini, akaacha kulia. "Haya, kapendelewa. Aliyempendelea nani?"

Nikainama kuiokota ndoo.

"Si yule uliyempelekea soda?"

Mwanangu, nimesoma vitabu vingi, lakini swali lile halikuwa kwenye karatasi yangu.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Mwantumu kuomba radhi. Hakunifungulia haraka, na alikuwa na haki. Msimu uliofuata koki yake nayo ikakauka. Ndipo tulipoongozana, yeye na mimi, mpaka ofisini kwa afisa, tukakaa benchi moja. Maji hatujapata bado, na mama bado anateremka bondeni, sikudanganyi. Ila afisa alipotuona tumeingia wawili, siku ile hakutabasamu.

Basi sikwambii uvumilie. Wanasema mvumilivu hula mbivu, nami huuliza: mbivu hizo kazishika nani? Sikwambii usiwe na wivu pia. Wivu unakuja bila hodi. Nakwambia hivi: kesho ukisimama, usimtazame Hamisi. Mtazame anayegawa vizimba, umuulize vimegawiwa kwa utaratibu gani, na usikae mpaka ajibu. Na leo, kabla jua halijatua, nenda kwa Hamisi umwombe mkasimame wote. Akikataa, simama peke yako, lakini jina lake lisitoke kinywani mwako.

Mola akupe ulimi mkali na jicho lisilopotea njia. Akupe na riziki ya kivulini, wewe na Hamisi. Amina.